Sala ya Mwenye Nyumba

Miaka kumi na tisa Milcah alikuwa na kazi moja tu katika sala ya asubuhi: kuitikia Amina. Mengine yote yalikuwa ya mumewe. Dalmas alifanya kazi stesheni ya Nakuru, yule anayevuta chuma reli zigeuke, kisha anasimama na bendera mbili: nyekundu, simama; kijani, njia ni safi, pita. Kila alfajiri, kabla king'ora cha reli hakijalia, alivua kofia akaomba, maneno yaleyale, hakuna hata moja lililohama mahali pake.

Mwaka wa 1956 kiharusi kikampata akiwa kazini. Alirudi kutoka hospitali mkono wa kulia umelala, na ulimi umelala pia. Maskini Dalmas! Akawa wa kuutazama ukuta tu kutwa kucha, na bendera yake kuukuu ya kijani inaning'inia kwenye msumari kando ya kitanda. Na sala ikanyamaza nyumbani.

Hilo lilimtesa Milcah kuliko ugonjwa wenyewe. Na jamani, mama huyu alikuwa na mdomo! Pale kwenye bomba la maji alimsemesha hata asiyetaka kusemeshwa. Lakini kwa Mungu? Aliona Mungu anamjua vile karani wa reli alivyomjua: mke wa Dalmas, basi. Akipiga magoti, maneno yanamkimbia. Aliogopa kwamba Mungu ameshaihama nyumba yao.

"Si uombe wewe?" jirani yake Nekoye akamwambia wakichota maji.

"Naanzia wapi, dada?"

"Anzia pale mzee alipoanzia. Miaka yote hiyo hukusikia?"

Kesho yake Milcah akaepua uji, akajifunga kitambaa kichwani, akasimama palepale Dalmas alipokuwa akisimama. Hakuthubutu kubadilisha neno. Dalmas mwenyewe alizoea kusema kwamba sala haichezewi, kama reli isivyochezewa. Akafumba macho.

"Baba Mungu, asante kwa usiku. Linda mkono wangu kazini, treni isipotee njia. Mlinde binti yetu Naliaka huko alikoolewa. Na mke wangu Milcah, uupoze ulimi wake..."

Kitandani kukatoka sauti ya kukwaruza. Dalmas alikuwa anacheka! Milcah akaona haya, lakini ameshaanza, atafanyaje? Akaendelea.

"...na umpe siku nyingi kuliko zangu."

Hapo akakwama. Sala hii aliiitikia kila siku, jicho likiwa kwenye sufuria, Amina mbiombio uji usije ukafurika. Kumbe kila siku mwanamume huyu alikuwa akiomba yeye ndiye atangulie kufa!

"Hapana, Baba," akasema, sauti ikipanda. "Hiyo niliitikia bila kusikiliza. Naomba unirudishie Amina yangu. Ni mimi Milcah mwenyewe ninayesema. Siku hizo nyingi nizifanyie nini peke yangu? Zigawe katikati. Na nimekukasirikia, nisikufiche. Mtu aliyekuita kila alfajiri, ndiye unamfunga ulimi? Naogopa, Baba. Usiku namsikiliza kama bado anapumua. Usituache, hata kama mimi sijui kuomba."

King'ora kikalia, naye bado anasema. Alisema habari za Naliaka, za mguu unaomuuma, za vumbi jeupe la ziwa linaloingia mpaka ndani ya chumvi. Alipomaliza akangoja Amina. Nani sasa wa kuitikia?

Akafumbua macho. Dalmas alikuwa ameupa ukuta kisogo. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeifikia bendera msumarini, na sasa alikuwa ameiinua juu, ile ya kijani.

"Nimeiona, Baba Naliaka," Milcah akasema huku akijifuta machozi. "Haya, teremsha mkono unywe uji."