Jani Lisilochagua

Jumapili moja mtafiti alifika kwa baba yake mdogo akiwa na furaha iliyomshinda kuificha. Maji aliyokamua kwenye jani moja la porini yalikuwa yameua seli za saratani ya mapafu huko maabara. Alisema hivyo wakati wa kula, akataja na jina la jani, kisha mazungumzo yakahamia mengine.

Baba mdogo ndiye aliyemlea tangu akiwa darasa la pili. Alikuwa fundi mwashi, hakuwahi kuvuta hata sigara moja, na sasa ulikuwa mwezi wa tatu anatundikiwa dripu za saratani hiyo hiyo.

Wiki tatu baadaye daktari aliahirisha dripu. Vipimo vya damu vilionyesha ini limevurugika, naye hakujua sababu. Mtafiti aliijua alipoingia jikoni. Mama mdogo alikuwa anasugua sufuria yenye ukoko wa kijani, na alipoulizwa hakuficha: kikombe cha maji ya jani asubuhi, kikombe jioni, tangu Jumapili ile.

“Si ulisema mwenyewe yanaua?”

Mtafiti akakalia ndoo iliyofunikwa. Mdomo uliowaponza ulikuwa wake. Alimpigia daktari palepale, akamweleza yote.

Siku chache baadaye aliomba ruhusa kwa mkuu wake, akamleta baba mdogo maabara. Mzee alivalishwa koti jeupe, akatania kwamba kumbe udaktari ni nguo tu. Akainama kwenye hadubini. Kwenye sahani ya kwanza, seli za saratani zilizotiwa maji ya jani zilikuwa zimesinyaa na kukatikakatika. Akatabasamu. Akawekewa ya pili. Nazo zilikuwa vilevile.

“Hizi je?”

“Hizo ni za mapafu mazima, baba. Hazikuwa na ugonjwa wowote.”

Mzee akainua kichwa. “Kwa hiyo jani lenu halichagui.”

Mtafiti akakiri kwamba bado, na kwamba huenda lisichague kamwe. Akamweleza pia kuwa dawa mojawapo ya kwenye dripu yake ilianzia kwenye gome la mti, lakini watu walihangaika miaka mingi kupata kipimo ambacho mwili unakistahimili. Kisha akasema lililokuwa limemkaa moyoni.

“Nisamehe. Niliwapa nusu ya habari.”

“Mwanangu, siku zile ningekunywa hata maji ya misumari.”

Ini lilichukua wiki tano kutulia. Katika muda huo uvimbe uliongezeka kidogo, na daktari hakuwaficha. Dripu zikaanza upya. Leo ni mwaka. Uvimbe haujaondoka, ila umesimama. Mzee amerudia kazi ndogondogo, anajenga huku akipumzika kila baada ya tofali chache.

Maabara wameyachambua maji ya jani na kutenga viini vyake katika mafungu kumi na moja. Kumi hayana maana. Moja linaua seli za saratani na kuacha hai karibu nusu ya zile zisizo na ugonjwa. Baba mdogo alipouliza, mtafiti alimwambia hivyo hivyo, pamoja na hiyo nusu inayokufa.

“Nusu ikifa bado ni nyingi mno,” mzee alisema, akaendelea kuchanganya saruji.