Pete ya Kijani

Baada ya mkewe kufariki, Khun-liong alibaki peke yake kwenye nyumba ya mlinzi wa hifadhi, kati ya mikoko na mabwawa ya zamani ya chumvi. Kila asubuhi alizunguka: matete kwanza, kisha msitu wa mivinje, mwisho matopeni, ambako ndege aina ya domomwiko, wenye nyuso nyeusi, hukaa majira ya baridi. Siku nyingine zilipita bila hata kusikia sauti yake mwenyewe.

Asubuhi moja alielekeza darubini kwa ndege aliyekuwa akifagia maji kwa mdomo wake mpana. Mguuni alikuwa na pete ya kijani yenye namba T47. Akaisoma namba hiyo mara mbili. Ndege huyo aliokotwa miaka kumi na sita nyuma akiwa hoi kwa sumu, na mkewe Gwat-ha ndiye aliyemlisha, akamvisha pete na kumwachia.

Akapiga simu ofisi ya hifadhi kutoa taarifa.

"Jaza fomu, mzee, uitume," karani akamjibu, akakata.

Alisimama pale, hajui amwambie nani. Mwishowe akampigia A-hun, dada wa marehemu, ambaye hawakuwa wamesemezana naye tangu mazishi.

"Shemeji! Leo umekumbuka kwamba tuna simu?"

"Yule ndege wa Gwat-ha amerudi."

A-hun akauliza, "Yule aliyekuwa akimdonoa vidole? Amenenepa?"

"Amenenepa."

"Basi usikate. Niambie anafanya nini."

Khun-liong akachuchumaa kando ya darubini, akaanza kumweleza. Alieleza mpaka maji yakajaa na ndege akaruka zake, na A-hun alikuwa bado anasikiliza.