Kitabu cha Mwisho Chini ya Sahani

Kuna watu husoma kitabu kama wanaokimbizwa na mbwa, na kuna wengine, Mungu awasamehe, huanzia ukurasa wa mwisho. Nabwile hakuwa na muda na watu wa namna hiyo. Kwake yeye utamu wa kitabu ulikuwa pale kikiwa mezani, kimevishwa karatasi ya kaki, hakuna aliyekifungua, na wewe una mdomo wa kubishana.

Ndivyo walivyofanya yeye na wifi yake Roselyne kwa vitabu vitano vya Shamba la Makunda. Ilikuwa hadithi ya Khisa, mtoto aliyeondoka nyumbani akiwafuata wachuuzi wa ng'ombe, na ya mama yake ambaye tangu hapo hafungi lango jioni. Kila mwaka kilitoka kitabu kimoja. Roselyne alikinunua Bungoma, dukani kwa Lalit, kwa sababu maduka ya Kitale hayakukileta, akasafiri nacho bila kukifungua mpaka Matisi, mtaa wa Kitale, kwa Nabwile. Hapo kiliwekwa chini ya sahani, na kutwa nzima wawili hao walikoromeana. Nabwile alishikilia kwamba mtoto hatarudi. Roselyne alishikilia kwamba atarudi. Jioni ndipo waliposomeana kwa zamu, na kila mara kitabu kiliisha Khisa akiwa bado njiani. Wakawekeana dau la jogoo: kitabu cha mwisho kikitoka, atakayeshindwa atamnyonyoa peke yake.

Kati ya kitabu cha pili na cha tatu, Nabwile alimzika Levi, mwanawe wa pekee, aliyeugua homa kwa siku mbili tu. Alikuwa na miaka minane. Tangu siku hiyo watu walianza kumsemesha Nabwile kama mgonjwa. Waliozoea kumwita Mama Levi wakamwita dada, wengine wakamwita Nabwile. Kwenye kinu chake cha posho wateja waliacha kulalamika hata unga ulipotoka na chenga. Jambo hilo lilimkera kuliko matusi. Mtoto alikuwa amekufa mara moja, na sasa watu wazima na akili zao walikuwa wakimwondolea hata jina.

Roselyne peke yake hakubadilika, ingawa Levi alikuwa damu yake, mtoto wa kaka yake. Majuma machache baada ya mazishi alifika na kitabu cha tatu, akakibwaga mezani, akasema, "Mama Levi, leo utaona. Huyu mtoto anarudi, na wewe huwa hujui kitu." Nabwile alimbishia mpaka koo likauma. Usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu msiba, alilala.

Basi Desemba ya mwaka 2004 kitabu cha sita, cha mwisho, kilitoka. Jumamosi hiyo Nabwile alifunga kinu mapema, akanawa unga mikononi, akamfunga jogoo mguu nje karibu na mlango. Wiki nzima alikuwa ameitengeneza hoja yake, na tangu asubuhi alikuwa akiisema peke yake huku akicheka.

Roselyne aliingia taratibu. Alikiweka kitabu mezani kama anayeweka yai, akakifunika sahani yeye mwenyewe.

"Habari ya hapa, Nabwile," alisema.

Nabwile alilisikia jina hilo vizuri, akaliacha lipite. Labda ni uchovu wa safari.

"Haya, kaa nikupe ukweli," akaanza. "Huyo Khisa harudi. Ati apotee miaka yote hiyo halafu aingie tu kwa lango hivi? Si alikufa kitambo huko kwa wachuuzi, bana."

"Inaweza kuwa," Roselyne alisema.

"Inaweza kuwa nini?"

"Vile unasema. Wacha nikusaidie na huyo jogoo. Nitamnyonyoa mimi."

Nabwile alisimama.

"Umekisoma."

Roselyne alitazama sakafu. "Lalit alinipigia simu Alhamisi, nikaenda kukichukua. Nilitaka kuangalia tu kidogo, wifi. Nikasema kama kuna kitu kibaya, si afadhali mimi nijue mbele, nione vile nitakuambia."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna mtu. Nilikuhurumia."

"Hebu angalia. Hata wewe. Huruma imejaa hii Matisi yote, nikitaka naipata hapo nje bure, na wewe unatoka Bungoma na nauli kuniletea ingine?"

"Nabwile, pole."

"Usiniite hilo jina! Kwani Levi alikufa leo?"

Roselyne alianza kulia, na machozi yake yalimzidishia Nabwile ghadhabu. Hakuna aliyekuwa amemwambia mwisho wa kitabu, lakini alishaujua wote. Mtoto hakurudi. Alikuwa ameshinda, na ushindi huo hakuutaka hata kidogo. Ndipo alipojua kitu ambacho hakuwahi kujiambia: miaka yote hiyo alikuwa akisema hatarudi kwa sababu moja tu, ili asikie mtu asiyemwogopa akimjibu kwamba atarudi. Kitabu kikiwa kimefungwa, kulikuwa bado na mtoto njiani na lango lililo wazi. Na huyu mwanamke alikwenda akachungulia.

"Toka nje," alisema.

"Wifi, tafadhali—"

"Toka. Halafu uingie tena. Uingie vile wewe huingia."

Roselyne alitoka. Alisimama kando ya jogoo, akajifuta uso kwa leso, akakaa huko kitambo. Nabwile alikitoa kitabu chini ya sahani, akanyoosha mkono mlangoni akampa bila kumtazama, akarudi kuketi. Sahani ilibaki tupu mezani.

Mlango ulisukumwa. Kitabu kikabwagwa mezani mpaka sahani ikaruka.

"Mama Levi," Roselyne alisema, na sauti haikumtii vizuri. "Leo utaona. Huyu mtoto anarudi. Na wewe huwa hujui kitu."

"Hatarudi."

"Atarudi."

Nabwile alikifunika kitabu. Alikuwa bado na hasira, na hakuwa amemsamehe.

"Sema tena," alisema.