Umeme Uliombakia Jabiri

Waosha maiti watatu walikaa mkekani uani kwa Mfaume, Temeke, wakijipuliza vidole. Kila walipommiminia maji marehemu Jabiri, umeme uliwarusha hadi kwenye ua wa makuti. Kopo moja lilikuwa limebonyea.

"Mfaume mwanangu," alisema Mzee Marijani, mkubwa wao, "nduguyo bado ana umeme. Nenda kauzime huko umeme huo ulikotoka, tumwoshe kabla jua halijazama."

Mfaume alikujua huko vizuri mno, na moyo ulimuuma. Yeye ndiye aliyeunga jenereta kwenye nyaya za nyumba ya mzungu mmoja kule Msasani. Swichi maalumu ya kuhamisha nyumba kutoka laini ya barabarani kwenda kwenye jenereta haikuwapo. Mzungu alisema itakuja na meli, aunge hivyo hivyo. Mfaume akaunga. Alisisitiza jambo moja tu, kwamba swichi kubwa ya ukutani, inayokata laini ya barabarani, ishushwe kabla mashine haijawashwa. Jana mvua ilikata umeme wa mji, mzungu akawasha mashine bila kushusha kitu. Umeme ukatoka nje ya nyumba, ukapanda nguzo ambayo Jabiri, fundi wa laini, alikuwa juu yake akiunga waya uliokatika.

Mfaume alipiga baiskeli mpaka Msasani. Mzungu alikuwa mezani na wageni, jenereta ikinguruma nyuma ya jiko.

"Bwana, naomba ushushe swichi. Ndugu yangu hajaoshwa, umeme wako umo mwilini mwake."

"Pole sana. Lakini mimi nashusha, nitajua namna gani umeme ya mji narudi? Ngoja kesho."

"Maiti haikai mpaka kesho, Bwana! Nakupigia magoti."

Na kweli alipiga magoti, pale pale juu ya zulia. Wageni wakatazama sahani zao. Mfaume akaona anapoteza muda, akainuka, akaenda ukumbini akaishusha mwenyewe. Taa hazikuzimika. Hata feni haikupunguza mwendo.

Akakanyaga baiskeli kama mwehu. Uani aliwakuta waoshaji wamekaa tena mkekani.

"Upande wa kulia tumemwosha wote, kwa raha," alisema Mzee Marijani. "Tulipomgeuza, ukarudi. Wameipandisha swichi tena."

Mfaume alilia kwa sauti mbele za watu. Kisha akakunja mikono ya kanzu, akashika kopo, akamwosha kaka yake upande wa kushoto peke yake. Meno yaligongana, nywele zikamsimama, hakuachia. Jeneza lilikuwa la mbao, halikumsumbua mbebaji yeyote.

Walipotoka makaburini alimfuata msimamizi wa mafundi wa laini, akamweleza yote. Msimamizi alimsikiliza hadi mwisho, akasema ile swichi ya kuja na meli imeshaagizwa, na kesho asubuhi fundi mwingine atapanda nguzo ile ile.

Mfaume alirudi nyumbani na habari hiyo. Mzee Marijani, aliyekuwa akifunga vyombo vyake vya kuoshea, akaacha kufunga.

"Huyo kijana wa kupanda kesho," aliuliza, "anaswali msikiti gani?"