Mabati ya Dafroza

Msinifundishe habari za deni. Wapo watu hukaa vibarazani, kikombe cha chai mkononi, wakisema dawa ya deni ni kulipa. Nyoo! Mimi nilidhani dawa yake ni kulala? Dawa naijua. Nilichokosa ni hela ya kuinunulia.

Naitwa Sauda. Watu wa Kabanga wananijua, maana kwa miaka mingi nilikaa pale mpakani kwenye kigoda, bunda la faranga za Burundi mapajani, nikibadilisha pesa. Kazi ile ilinivisha na kunilisha mpaka faranga ilipoporomoka. Nililala na mtaji, nikaamka na makaratasi. Nikakimbilia kikundi chetu cha kuweka na kukopa, nikachukua mkopo ili nijiinue. Faranga ikashuka tena, mkopo nao ukaenda na maji. Kukopa harusi, kulipa matanga. Msemo huo nilikuwa nausikia tu, mpaka matanga yaliponikalia mimi.

Kikundini hupewi mkopo bila mdhamini. Aliyenidhamini ni mama Dafroza, mjane anayeuza chai na mandazi pale stendi. Hatuna undugu. Yeye ni Mhangaza, Mkatoliki wa kutokosa misa. Mimi ni Mwislamu, watu wetu ni wafanyabiashara wa Biharamulo mjini. Lakini mwenyekiti wetu Bernardo alipouliza nani anasimama na Sauda, Dafroza alisimama hata kabla sijamtazama. Alipoulizwa anaweka nini, akasema mabati ya nyumba yake, kwa sababu hakuwa na kingine. Mabati yenyewe aliyanunua mojamoja kwa hela ya mandazi. Siku ile tulicheka wote. Nani angepanda juu ya nyumba ya Dafroza kung'oa bati?

Katikati ya balaa hilo nikabadili kazi. Kuna shirika dogo la misaada linalogawa mbuzi kwa wajane wa vijijini. Unapewa mbuzi jike, na akizaa jike, mtoto huyo unampa mjane mwingine. Hilo ndilo deni lako, na ukishalilipa umemaliza. Msimamizi wao, Novatus, alikuja kubadilisha pesa kwangu. Akanisikia nikiongea Kihangaza na huyu, Kirundi na yule, akaniomba nimsindikize kijiji cha Mugoma siku moja. Huko nikamwona bibi kizee amekabidhiwa kamba ya mbuzi, analia bila kujificha. Nikalia naye. Sikurudi tena kwenye kigoda changu.

Kaka yangu Hasani alinipigia simu kutoka Biharamulo, anacheka mpaka anakohoa. Mganga hajigangi, akasema. Unawagawia watu mbuzi na wewe huna hata kifaranga. Nilimkatia simu. Kilichoniuma ni kwamba alisema kweli.

Posho ya shirika ilikuwa ndogo, na yote niliipeleka kikundini. Nilikula ugali na mboga za kuchuma, lakini deni likawa linapungua, na nikaanza kuuona mwisho wake. Kisha posho ikakatika. Novatus akasema wafadhili hawajatuma, tuvute subira. Mwezi ukapita, ukaingia mwingine. Subira huvuta heri, sawa, ila kikundini heri haipokelewi.

Bernardo si mtu mbaya, na hilo ndilo lililonikosesha hata wa kumchukia. Alikuja mpaka kwenye meza ya Dafroza, akaniambia kwa upole kwamba fedha ile ni jasho la wanawake wenzangu, na watoto wao wanadaiwa shuleni. Jumatatu nisipoleta kitu, watakwenda kwa mdhamini. Dafroza aliendelea kukanda unga wake. Nikamshika mkono wenye unga, nikamwapia kwa jina la Mungu kwamba bati lake halitaguswa hata moja.

Nilihangaika jamani. Hasani hakupokea simu zangu. Wenzangu wa mpakani, tuliokuwa tukila sahani moja, wakiniona nakuja waligeukia wateja wasiokuwepo. Usingizi ulinihama. Nilikuwa nikipita mbele ya nyumba ya Dafroza nainamisha kichwa, nisiyaone mabati yale.

Jumatatu ikafika na mimi sina kitu, na asubuhi hiyo nilikuwa na kazi Mugoma. Marsiana, mmoja wa wajane wetu, alikuwa analipa mbuzi wake, na mpokeaji alikuwa Agness wa kitongoji cha pili. Kwa kawaida mwenye mbuzi na mpokeaji hushika kamba pamoja mbele ya majirani. Lakini Marsiana homa ilikuwa imemlaza, akaniomba mbuzi nimpeleke mimi. Basi nikajikuta njiani peke yangu, mimi na mbuzi.

Mchoma nyama mmoja wa Kabanga akasimamisha pikipiki. Akamtazama mbuzi, akamshika mgongo, akasema ananunua hapo hapo. Kabla sijajibu akanibandika noti mkononi. Zingetosha kumtuliza Bernardo. Nilizishika. Simsingizii shetani, ni mimi niliyesimama pale nikipanga uongo, kwamba mbuzi kaumwa na nyoka, mbuzi hufa kila siku. Na uongo ulikuwa mzuri, haukuwa na tundu.

Kilichonishinda ni kwamba Agness alikuwa ananiona. Alikuwa amenisubiri tangu alfajiri, akachoka, akaja kunipokea njiani, majani mabichi kwapani. Nikamrudishia yule bwana noti zake. Msiniambie nilishinda jaribu. Lau Agness angekaa kwake, ningeuza. Nilimkabidhi kamba, majirani wakapiga vigelegele, na mimi nilikuwa nalia, wakadhani ni furaha.

Niliporudi Kabanga mabati yalikuwa yameshashushwa. Jirani alinieleza: Bernardo mwenyewe alipanda ngazi, wanawake wakawa wanapokea chini, wengine wanalia na bado wanapokea. Fundi mmoja aliyekuwa anajenga akayanunua yote palepale, na deni langu lote likaisha. Nilichokuwa nikikitafuta kwa muda wote ule nilikipata siku hiyo, na nilitamani ardhi ipasuke.

Dafroza alikuwa amekaa ndani, juani. Godoro amelikunja na kulifunika turubai, maana mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa Burundi. Nikapiga magoti mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Nikamwomba msamaha. Yeye aliuliza kama yule mama wa Mugoma amepata mbuzi wake. Nikasema amepata. Akatikisa kichwa kukubali, akauliza wajane tunaowasaidia ni wa namna gani, tunawachaguaje. Nikamwambia huwa tunawauliza maswali.

"Niulize na mimi."

Nikamsihi aache. Akasema hana mzaha, yeye ni mjane, na mbuzi atamfaa. Basi nikamuuliza, palepale nimepiga magoti. Una mume? Hana. Una shamba? Kijishamba cha migomba nyuma ya nyumba. Nyumba yako imeezekwa kwa kitu gani? Alitazama juu, nami nikashindwa kutazama. Likabaki swali la mwisho, ambalo vijijini nalipitia harakaharaka. Huwa tunauliza kama mama huyo amemdhamini mtu kikundini, kwa sababu mwenye dhamana hatumpi. Mbuzi wake anaweza kukamatwa kesho yake.

Akasema, "Limebaki lipi? Uliza."

Nikauliza.

"Nilimdhamini mmoja," akasema Dafroza. "Andika nimeshamlipia."