Sukari ya Sadoki

Mzee Efraimu hakumwamini mkamwana wake, na ushahidi alikuwa nao: chupa tupu za soda, zimejaa nyuma ya mlango wa chumba alichopanga na mumewe kule Tunduma. Mwanawe Sadoki, kijana wa miaka ishirini na mitatu, mpakuaji wa mizigo mpakani, amekutwa na sukari, halafu nyumbani kwake kunanywewa soda! Kama huko si kuua, basi Efraimu hakujua kuua ni nini.

"Kikulacho ki nguoni mwako," aliwaambia majirani zake kijijini Iyula. Akaiacha kahawa yake ikikauka bila mwangalizi, akaenda kukaa kando ya kitanda cha mwanawe katika hospitali ya misheni.

Sukari yenyewe haikumtisha. Yeye mwenyewe aliipata uzeeni, akawa anameza vidonge, na maisha yanaendelea. Sadoki alipoanza kuumwa alimgawia vidonge hivyohivyo. Na Daktari Makene alipotaka maelezo, mzee alimdakia mgonjwa maneno mdomoni: ugonjwa huu ni wa ukoo, umeanza zamani, na kijana ni mwembamba toka utoto. Daktari akaendelea na vidonge, akaongeza kipimo. Sukari ikakataa kushuka.

Ilikataaje? Efraimu alijua. Mchawi alikuwa nje, nyuma ya jiko la hospitali, kajitanda khanga na kuupa mlango mgongo. Huyo ndiye Ketrina, mke wa Sadoki. Kwa Wandali, kabila lao, mke wa mwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe, wala hasemi mbele yake. Mzee akiwa wodini, yeye hukaa nje. Manesi waliona heshima. Efraimu aliona maficho. Uji aliokuwa akiutuma kwenye chupa ya chai, mzee aliumwaga uani bila kuuonja. Nani ajuaye ametia nini humo?

Asubuhi moja Sadoki akaanza kutapika na kuhema kama aliyepanda mlima mbio. Makene akamvuta mzee pembeni.

"Mzee, mtoto anatuponyoka. Nina mashaka tumekosea aina. Kuna sukari kama yako: mwili una insulini ila hauitumii vizuri, vidonge vinausaidia. Na kuna nyingine, mwili umeacha kuitengeneza. Mwenye hiyo asipochomwa insulini anakufa. Mara nyingi hiyo humkondesha kijana ghafla. Nani anaishi naye?"

"Mkewe."

"Aitwe."

"Hawezi kuingia nami nipo."

"Basi toka wewe."

Efraimu alitoka, lakini hakufika mbali. Amwache mwanamke yule ajipikie uongo na daktari peke yao? Akajibanza chini ya dirisha la wodi, mtu mzima na mvi zake, sikio ukutani. Aibu aliiona, akaimeza.

Ndipo akaisikia sauti ambayo hakuwahi kuisikia tangu harusi, nyembamba, inatetemeka.

"Daktari, tumeoana Pasaka, mwili amejaa. Tangu mavuno ya mahindi anatoboa mkanda kwa msumari. Tazama mkanda wenyewe, tundu hili la wiki hii. Usiku ni kukojoa tu, na kiu! Maji hayamtoshi, anakuja na soda kutoka kazini. Nimezimwaga, tumegombana. Na pumzi yake inanuka kama ndizi zilizopitiliza kuiva."

"Vidonge vya baba yake anameza?"

"Vyote. Kikombe namshikia mimi."

"Mbona hukusema haya siku ya kwanza?"

"Baba alikuwepo."

Efraimu akakaa chini palepale. Kumbe kila alfajiri alipowahi kuja kumlinda mwanawe, alikuwa akimzuia mtu pekee aliyejua. Hofu ilimshika, ikamchoma kuliko aibu. Juu yake alimsikia Makene akiagiza mkojo upimwe, kisha akisema kwa haraka, "Rangi ya kipimo imebadilika yote. Kwa dalili hizi ni ile ya kuchoma sindano. Kuna vipimo vya kuhakikisha, vya Dar, lakini hatuvingoji. Dripu, insulini, sasa hivi!"

Usiku huo Sadoki alilala bila fahamu, na hakuna aliyemwambia Efraimu kama mwanawe ataamka. Kesho yake alfajiri alikuja kama kawaida, akafika mlango wa wodi, akasita. Akageuka, akaenda nyuma ya jiko, Ketrina akajitenga kando, naye akaketi pale alipozoea kuketi mkamwana wake, uso kaupa ukuta.

"Nesi," akaita, "mwambie huyo mama aingie. Mimi nitakaa hapa."

Akasikia kandambili zikipita nyuma yake, upesi. Hakugeuka. Baadaye nesi akatoka amebeba chupa ya chai na kikombe.

"Mwanao amefumbua macho. Anamuuliza mkewe mambo ya mkanda, wanacheka. Na huu uji umetumwa kwako, hauna sukari."

Efraimu alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa uji wote.