Makutano ya Saa Nne

Watu wakisikia nimeishi na tembo mmoja miaka thelathini na nane, swali lao la kwanza ni kama tembo husahau. Swali hilo limenichosha. Nilikuwa na jibu langu, nikalitegemea muda mrefu, na halikuwa la kweli. Mke wangu Nomu anasema nikisimulia haya najianika bure. Basi, acha nijianike.

Kwetu mlimani, kaskazini mwa Thailand, sisi Wakareni, ndama wa tembo akifika miaka mitatu hutenganishwa na mama yake, maana huwezi kumfundisha mtoto ambaye bado analala ubavuni mwa mama. Kazi hiyo ina maneno yake. Mama husimamishwa upande huu wa njia, ndama upande ule, na katikati mtu hupasua mwanzi mbichi toka juu mpaka chini, huku akiziambia roho zao zisifuatane tena. Huyu ashike njia yake, yule ashike yake. Mama asimtafute mwana, mwana asimlilie mama. Kisha mama huvushwa kijito. Maneno hayo aliyajua baba yangu, lakini mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, kwa hiyo siku ya mtoto wa Mowa, ndiye tembo wangu huyo, nilipasua mimi.

Mowa alilia siku tatu. Siku ya nne akala.

"Umeona?" baba akaniambia. "Ameshasahau. Umepasua safi."

Nilivimba kichwa, siwezi kusema uongo. Ndama tukampa jina, Bunmi, na alipokomaa kidogo tukamuuza kwa watu wa mjini, kama kila mtu alivyouza. Akapakiwa kwenye lori akaenda zake. Mimi nililala usingizi wangu, kwa sababu mwanzi ulikuwa umepasuka nusu kwa nusu na Mowa alikuwa anakula. Miaka kumi na tano nililala usingizi huo.

Siku hizi hakuna magogo ya kukokota, msitu umefungwa, na tembo anakula mchana kutwa. Ndiyo maana mimi na Mowa tulishuka bondeni, kwenye kambi ya wageni ya Madamu Pensri, nje kidogo ya mji wa Chiang Mai. Zamani wageni walikuwa wanapanda mgongoni. Halafu wakaanza kusema kumpanda tembo ni ukatili, Madamu akang'oa viti vyote akaandika kwenye bango kwamba hapa tembo hapandwi. Sasa wanawalisha ndizi na kuwaogesha. Mowa alikuwa anaogeshwa mara sita kwa siku, ngozi ikawa inapasuka kama kisigino cha mkulima. Kulabu zetu za kumwongozea tembo tuliambiwa tuzifiche ndani ya shati. Hakuna aliyesema tuziache.

Mwaka jana, mwanzoni mwa baridi, lori lilishusha tembo jike mpya. Nilimtambua kwa sikio la kushoto lililochanika, maana alichanikia kwenye zizi letu, mbele ya macho yangu. Alikuwa Bunmi.

Seju, kijana wa kijiji cha jirani aliyepewa kumchunga, aliniona nimesimama tu. "Vipi mjomba, umeona mkweo?"

"Huyu ni mtoto wa Mowa."

"Basi mpeleke Mowa kwa njia ya nyuma. Usituletee balaa mbele ya wageni."

"Balaa ya nini? Nimewapasua mwenyewe. Hawajuani."

Nikampitisha Mowa palepale, katikati ya uwanja, kwa ubishi wangu. Tulikuwa bado hatujafika karibu Mowa akasimama. Alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, ya chini kabisa, niliihisi miguuni kabla ya masikioni. Bunmi akageuka. Wakakimbiliana, Seju akaruka kando akaanguka matopeni, na wale wawili wakawa wamebanana vichwa, mkonga wa huyu mdomoni mwa yule, wanatetemeka na kukojoa kwa furaha. Wageni walilia. Simu zote zilikuwa juu. Na mimi nililia, lakini si kama wao. Nilikuwa nahesabu ile miaka kumi na tano. Kumbe siku ile ya nne Mowa alikula kwa sababu alikuwa na njaa, basi.

Siku tatu walikaa pamoja wasiachane hata unyayo. Mowa alinenepa machoni pangu. Siku ya nne Madamu Pensri akaniita ofisini. Ile video ilikuwa imezunguka dunia nzima, na simu ya mezani ilikuwa hailali.

"Mjomba Tilo," akasema, na Madamu hakuwahi kuniita mjomba kabla ya hapo, "wageni wanauliza mama na mwana wanakutana saa ngapi."

"Wameshakutana, Madamu. Wako pamoja kule mtoni."

"Najua. Nakuuliza wanaweza kukutana saa ngapi."

Sikumwelewa mara moja. Alinieleza taratibu, bila ukali, kama mtu anayepanga ratiba ya chakula. Saa kumi jioni, wageni wakishaondoka, Mowa apelekwe nyuma ya kilima, ng'ambo ya kijito, alale huko. Saa nne asubuhi aletwe uwanjani. Kila siku.

"Madamu, hilo si jambo la kufanya."

"Mowa ni wako, unaweza kuondoka naye leo. Bunmi ni wangu." Akafunua kalenda ya mezani. "Fanya mpaka mwisho wa msimu. Mvua zikianza, mchukue Bunmi mwende naye mlimani. Akae huko na mama yake, sitamdai tena. Nakupa neno langu."

Hapo ndipo aliponishika. Ningekataa, ningemrudisha Mowa nyumbani peke yake, na nimeshajua kwamba hakusahau. Ningekubali, ni miezi minne, kisha wawe pamoja mpaka kufa. Miezi minne ni nini? Nilipiga moyo konde nikasema sawa.

Jioni ya kwanza Mowa hakutaka. Seju alitaka kutumia kulabu, nikamzuia. Nilimwimbia ule wimbo ninaomwimbia tangu nikiwa na miaka kumi na saba, wa kumwita tukirudi nyumbani kutoka msituni, na kwa sababu ya sauti yangu akanifuata. Akavuka kijito, akainua mguu wa mbele kama nilivyomfundisha, nikamfunga mnyororo. Bunmi alikuwa anapiga kelele upande wa pili wa kilima, na Mowa alikuwa ananitazama mimi.

Asubuhi saa nne wakakimbiliana tena. Wageni, wamevaa mashati ya buluu ya kambi, wakalia tena. Ikawa hivyo kila siku.

Kulikuwa na mama mmoja mgeni, mvi kichwa kizima, rika langu. Yeye hakupiga picha. Baada ya makofi alimfuata Wanida, msichana wetu mkalimani, akamuuliza kitu huku akinielekezea mimi kiganja kwa heshima.

"Mjomba, anauliza usiku wanalala wapi," Wanida akasema. "Nimwambie nini?"

"Wewe unaonaje?"

"Mimi naona mama wa watu kaja kutoka mbali na nafsi yake inamsuta. Ukisema kweli, nitaisema. Lakini Madamu yuko pale kibarazani."

Nilimtazama yule mama. Alikuwa amekunja uso wa mtu anayetaka kuambiwa. Pengine angepiga kelele, pengine angewageuza wenzake wote. Lakini nilifikiria mvua, wiki tisa zilizobaki, nikaufyata.

"Mwambie wanalala pamoja."

Wanida akamwambia. Mama yule akashusha pumzi, akaja akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na kunishukuru kwa lugha yake. Mpaka leo ule mkono naona kama si wangu.

Kwenye mwezi wa tatu wa mpango huo hivi, mbio zikapungua. Bunmi bado alikuwa anakimbia. Mowa alikuwa anatembea. Baadaye akawa anasimama, anamsubiri, anampa mkonga kidogo, kisha anageukia ndizi. Makofi yalikuwa yaleyale. Seju akaniambia, "Bibi kachoka na sinema," tukacheka, na baada ya kucheka hakuna aliyemtazama mwenzake.

Nilijiambia atapona mlimani. Ndilo neno nililokuwa nalala nalo.

Madamu Pensri alitimiza ahadi yake. Hilo lazima niliseme, maana ingekuwa rahisi kwangu angenidanganya. Mvua ya kwanza ilipoanguka alitoa lori, akatoa na karatasi za Bunmi, akasimama langoni akampigapiga shavu. Tulifika kijijini siku ya pili. Nomu alikuwa amepika wali na kitoweo cha vichipukizi vya mianzi, kijiji kizima kikatoka kutazama. Niliwaachia wote wawili msituni, bila mnyororo, pale penye majani mabichi ambapo Bunmi alizaliwa. Walikula bega kwa bega kutwa nzima. Nilikaa juu ya gogo nikiwatazama, na kwa mara ya kwanza tangu baridi ianze nilihisi njaa ya kweli.

Saa kumi ilipofika, Mowa aliacha kula.

Hakuna aliyemwita. Aligeuka akamwacha Bunmi akiwa bado na majani mdomoni, akashuka bondeni, akavuka kijito peke yake. Bunmi akamfuata. Mowa akamsukuma kwa kichwa, akamrudisha ng'ambo, kisha akaendelea kupanda mpaka kwenye mti mmoja mkubwa, akaupa mgongo msitu. Bunmi akaanza kulia, na Mowa hata sikio hakutikisa.

Nilikwenda mbio kwa baba. Hatoki tena kitandani, lakini akili yake iko timamu. Nilimweleza nikamwomba maneno ya kuunganisha.

"Hayapo," akasema. "Tulikuwa tunatenganisha tu. Hakuna mtu aliyewahi kutuomba mengine."

Nikarudi kwenye ule mti na kisu na mwanzi, sijui wa kufanyia nini. Mvua ilikuwa inanyesha. Mowa aliniona nakuja, akainua mguu wa mbele.

"Hakuna mnyororo," nikamwambia. "Mama, hakuna tena. Nenda kwa mwanao."

Nilimwonyesha mikono yangu mitupu. Nilimwimbia ule wimbo. Nikaukumbatia mguu wake nikajaribu kuushusha chini kwa nguvu zangu zote. Aliuacha juu, ananisubiri nimalize.